Walipoitoa Bahasha ya Ndani

Siku ya kuniaga, mtu mmoja alishika kipaza sauti akasema kwamba katika miaka yangu yote mtandao wetu haukuwahi kuvujisha siri ya mgonjwa hata mmoja. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekalishwa kwenye kiti kilichovishwa kitenge, nina keki mkononi, na nilitamani niinuke nimnyang'anye kile kipaza sauti. Sikuinuka. Nilikula keki. Sasa niko nyumbani Machame, anayenipa amri ni ng'ombe mmoja tu, na nina muda. Nawaandikia ninyi vijana mliobaki kwenye chumba cha mitambo, kwa sababu sitaki ule uongo ukae pale mpaka uonekane kweli.

Vyeo vyangu mtavikuta kwenye faili, havina cha kuwafundisha. Nitaanza na ubao wa simu.

Niliingia kazini kama opereta wa simu, hospitalini Moshi, kwenye kichumba kilichobanwa kati ya duka la dawa na ngazi. Ninyi hamkuuona ule ubao. Ulikuwa na matundu, nyaya zenye vichwa vya shaba, na vitaa vilivyowaka mtu akinyanyua simu wodini. Unachomeka waya huku, unachomeka kule, watu wanaongea. Kulikuwa pia na kipini cha kusikilizia, cha kuhakikisha kwamba wamepatana. Mkuu wangu, Mama Anaeli, mama wa Kilutheri mwenye miwani ya kamba na sauti ya kuongoza kwaya, alinisimamisha mbele ya ubao asubuhi ya kwanza akasema: "Chomeka. Hakikisha wanasikiana. Halafu toa sikio. Hayo mawili ya kwanza hata nyani atafanya. Kazi yako ni hilo la tatu."

Nikaitikia ndiyo mama, kama mnavyoitikia ninyi mkiwa hamjaelewa kitu.

Wiki ya pili niliunganisha daktari wa wodi ya wanaume na mchungaji wa kwetu, na sikio sikulitoa. Nikasikia kwamba jirani yetu amefariki. Jioni nikapanda nyumbani, nikamwambia mama yangu kwa siri. Mama naye kwa siri akawaambia kina mama wanne, wakakata mikungu ya ndizi, wakafunga kanga viunoni, wakaenda kwa mke wa marehemu. Walimkuta anakamua. "Pole mae, pole na msiba," wakasema. Akauliza, "Msiba gani?" Mchungaji alikuwa bado njiani.

Mama Anaeli hakunifukuza. Kwa siku saba alinikalisha mbele ya ubao bila kunigusisha waya, nitazame vitaa tu. Halafu akachuma jani la isale kwenye ua wa kanisa, akalifunga fundo, tukapanda wote kwa yule mjane. Ninyi wa mjini mnaliona isale kama mmea tu wa mipaka ya kihamba, shamba la migomba la nyumbani. Kwetu, mtu aliyekosa akikuletea isale, hulirudishi. Yule mjane alilipokea kwa mikono miwili, analia. Tukiteremka, Mama Anaeli akaniambia, "Umesamehewa. Lakini ile dakika alipokuwa anakamua na hajui, umeiharibu, na hutamrudishia." Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mbili. Niliona ananionea.

Baadaye zahanati za mlimani zilipewa redio za upepo, na hapo ndipo tulipochekesha watu. Redio haina sikio la kutoa. Ukiongea, anakusikia kila mwenye redio, hadi wapagazi na waongoza watalii walioko juu huko kwenye baridi. Manesi wakatunga lugha ya mafumbo. Mgonjwa wa kifua kikuu akaitwa "kahawa nyekundu". Mwezi haukuisha, mlima wote ukajua maana yake, na mwenye kahawa nyekundu halisi, ile ya shambani, akawa anaisema kwa kunong'ona. Nilijifunza kwamba kubadilisha maneno hakufichi kitu. Inabidi uifunge njia yenyewe.

Kompyuta zilikuja, nikapelekwa kozi, nikarudi nikiitwa mtaalamu. Miaka hiyo naipita. Ilikuwa ya kupangusa vumbi na kuwaambia madaktari wachomeke waya wa umeme.

Nije kwenye simu za manesi. Tuliamua majibu ya maabara na kumbukumbu za kliniki ya CTC, yaani za watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi, ziende kwa aplikesheni badala ya makaratasi yaliyokuwa yanapanda na kushuka Kibosho kwenye mfuko wa bodaboda. Watu wa Dar waliotutengenezea aplikesheni walisema usalama upo, kuna VPN, yaani handaki moja lililofungwa kutoka kwenye simu ya nesi hadi seva ya ofisi yetu Moshi. Nikawauliza, likifika Moshi? Wakasema, "Hapo linafunguliwa, Mama, si ni ofisini kwenu?"

Ndiyo, ofisini kwetu! Watu hawa wakisikia neno usalama wanamfikiria mwizi wa ng'ambo mwenye kofia usoni. Mwizi wa ng'ambo hana habari na Kibosho. Anayetaka kujua nani Kibosho anameza dawa gani ni wifi, ni mke mwenza wa zamani, ni yule mnayegombea naye mpaka wa kihamba, na wote hao wana mtu wao masjala. Ofisi yetu imejaa watoto wa mlimani. Mimi mwenyewe ni mmoja wao, na mnakumbuka mama yangu na mikungu ya ndizi.

Kwa hiyo nikadai handaki la pili ndani ya la kwanza. La nje linatoka kwenye simu na kukoma Moshi. La ndani linapita humo humo, linaivuka seva yetu bila kufunguliwa, na kukomea kwenye kompyuta ya daktari wa kliniki. Ufunguo wake uko mahali pawili tu, kwa nesi na kwa daktari. Sisi wa katikati tunaona mzigo umepita saa ngapi na ulikuwa mkubwa kiasi gani, basi.

Halikukubali kirahisi. Mkikosea kupanga njia, la ndani linataka kulibeba la nje na la nje linataka kulibeba la ndani, na simu inazunguka mpaka inachemka mfukoni. Nilikaa kwenye kibaraza cha zahanati ya Kibosho wiki nzima nikipambana na hilo, nesi Leokadia akiniletea supu ya mtori na kuniuliza kama nimeajiriwa au nimefungwa. Halafu likaja suala la ukubwa. Furushi la data likiwa limejaa pomoni, ukalivika bahasha mbili, halipiti mlangoni, na mtandao unalitupa kimya kimya. Majibu mafupi yanafika, picha ya karatasi ya maabara haifiki, na nesi anaapa simu ina pepo. Haina pepo. Punguzeni ukubwa wa furushi la ndani, vipimo vyake viko kwenye daftari langu la kijani, droo ya pili. Na hili mlitie kichwani: handaki la ndani likianguka, aplikesheni isitafute pa kupenyea. Isimame. Majibu yakae kwenye simu hata siku tatu.

Kabla hatujaanza, akina mama wa kliniki ya Kibosho waliniita wanihoji. Walikuwa kama kumi na wawili, kwenye benchi la ndani, mlango umefungwa. Aliyesimama kuuliza nitamwita Mama Nuru. Si jina lake, na nimebadilisha mengine pia, kwa hiyo msihangaike kumtafuta. Mwenyewe ameniruhusu niandike. Alikuwa mjane, kiongozi wa jumuiya ya pale kwao, mwanamke anayenyoosha mgongo hata akiwa amebeba majani ya ng'ombe.

"Shikamoo mama. Hiyo simu ikituma jina langu Moshi, nani anasoma?"

Nikawakumbusha barua za zamani. Sote tulikuwa tunatumia sanduku la posta la parokia au la usharika, na barua zilikuwa zinagawiwa nje ya kanisa baada ya ibada, zikiwa zimeshapapaswa na nusu ya waumini. Wajanja waliokuwa mbali walikuwa wanatia bahasha ndani ya bahasha. Ya juu inaandikwa parokia, ya ndani imebandikwa gundi kila pembe na jina lako. "Ndivyo itakavyokuwa," nikasema. "Moshi watafungua ya juu. Watakuta ya ndani, na hawana kisu cha kuifungulia."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Unaahidi?"

"Naahidi. Nikiwa mimi niko pale, hakuna mtu wa Moshi atakayesoma."

Wakatazamana, wakakubali, na miaka mitatu mambo yakaenda.

Kisha akaja meneja mpya. Nitamwita Bwana Kasi, kwa maana hilo ndilo neno alilolipenda kuliko mkewe. Alitundika luninga kubwa ukutani ofisini ili kila mtu aone ujumbe ukipita. Wakati huo haikuonyesha chochote cha maana, herufi zilizovurugika tu, na wageni walipiga nayo picha.

Desemba mnaijua. Wachagga wote wa Dar, Mwanza na Dodoma wanarudi mlimani kwa Krismasi, kuhesabiwa, kila mmoja na simu mbili, na mnara wa Kibosho unalemewa. Aplikesheni ikawa nzito. Manesi wakalalamika. Bwana Kasi akapima, akaniita.

"Mama Upendo, hii VPN ndani ya VPN ya nini? Ni mtu kuvaa koti juu ya koti. Tunatoa ya ndani, speed inarudi mara moja."

Nikamweleza habari ya mawifi. Akacheka. Nikamwambia kuna njia nyingine, ujumbe upange foleni kwenye simu na utoke Jumapili wakati wa misa, kwa sababu saa hizo mlima wote uko kanisani na mnara unapumua. Nilikuwa nimeshaijaribu, inafanya kazi. Akacheka zaidi. "Mama, tuandike kwenye ripoti kwamba mfumo wetu unasubiri misa?"

Sasa sikilizeni. Ilikuwa tarehe ishirini na mbili. Binti yangu Upendo alikuwa barabarani kutoka Dar na wajukuu, mbuzi alikuwa hajapatikana, nyumba haijapakwa rangi. Fomu ya mabadiliko ilihitaji sahihi mbili, yake na yangu. Nilijua kabisa ninachofanya. Nikajiambia ni kwa sikukuu tu, Januari nitalirudisha. Nikachukua kalamu ya Bwana Kasi, nikasaini nikiwa nimesimama, mkoba uko begani, nikakimbilia gari la Machame.

Kasi ikarudi, asikudanganye mtu. Bwana Kasi akapongezwa. Na kwenye luninga ya ukutani, badala ya herufi zilizovurugika, yakaanza kupita majina. Jina, zahanati, kipimo, jibu. Siku mbili nzima kabla ofisi haijafungwa kwa sikukuu, na tena ilipofunguliwa Januari nikiwa bado likizo, mchana kweupe, mbele ya kila aliyeingia kuomba gundi. Hakuna aliyesimama kusema hapana. Binti mmoja wa masjala, mpwa wa marehemu mume wa Mama Nuru, aliinua macho kutoka kwenye chai yake akasoma. Wengi wenu mnamlaumu yeye. Mimi siwezi. Na mimi niliwahi kuwa na miaka yake, na sikio langu nililiacha kwenye waya. Yeye hata hakusikiliza, tulimwandikia ukutani kwa herufi za kuonekana na mtu aliyeko mlangoni.

Katikati ya Januari Leokadia akanipigia. "Mama Upendo, Mama Nuru hajaja kuchukua dawa. Nimepita kwake, amejifungia, anasema hataki kuniona. Akikatisha dawa unajua kinachofuata."

Nilipanda siku hiyo hiyo. Nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya ndizi. Hakunipa shikamoo. Mwanamke yule, aliyekuwa anamwamkia hata mzee mlevi barabarani, alinitazama akaendelea kumenya. Nikakaa kwenye gogo bila kukaribishwa.

"Nikueleze Krismasi yetu ilivyokuwa?" akasema hatimaye.

Walikuwa wamekusanyika kwa shemeji mkubwa, ukoo mzima. Nyama imegawiwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, imeletwa. Kwetu mbege tunaizungusha, kata moja, kile kibuyu cha mpini, inatoka mdomo hadi mdomo kwa ukubwa wa watu, na hakuna anayeipangusa. Kata ilikuja kwa mama mkwe, ikaja kwa wifi wa kwanza, ikaja kwa wa pili. Ilipofika kwake, wifi aliishika, akaipitisha juu ya magoti yake kwa anayefuata. Kisha mtoto akatumwa ndani, akaja na kikombe cha plastiki.

"Chekundu," Mama Nuru akasema. "Cha watoto. Watu wakaendelea kuongea, mama. Nikanywa, kwa sababu nisingekunywa wangesema nina kiburi. Nilipoondoka nikasikia kikombe kinatupwa shimoni."

Nikasema pole. Neno gani hilo la kumwambia mtu!

"Wewe ndiye uliyesema hakuna wa Moshi atakayesoma. Ulisema ukiwa upo. Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwepo, kwamba nilisaini, kwamba nilikuwa nawahi mbuzi. Alicheka, kicheko kifupi cha puani, na huo ndio wakati nilioumia kuliko wote katika kazi yangu. Nikamsihi jambo moja tu, asikatishe dawa. Akaokota ndizi nyingine.

Niliteremka Moshi nikiwa nawaka. Sikubisha hodi kwa Bwana Kasi. Luninga niliichomoa ukutani kwa mikono yangu, na skrubu moja mpaka leo haijaonekana. Nikarudisha handaki la ndani siku hiyo hiyo bila fomu na bila sahihi ya mtu. Kikaitwa kikao. Mnajua Bwana Kasi alipendekeza nini? Kwamba tuwatumie wote walioathirika ujumbe wa simu wa kuomba radhi! Simu ambazo zinashikwa na watoto, na wakwe, na jirani anayekuja kuazima bando! Nilisimama nikasema, "Wewe baba, umewavua nguo, sasa unataka kupiga tarumbeta waje watu kuwatazama?" Nasikia maneno hayo yaliandikwa kwenye faili langu kama utovu wa nidhamu. Muyasome, ni ya kweli.

Ripoti ikaandikwa. "Hitilafu ndogo ya kiufundi iliyosababishwa na msongamano wa mtandao." Nikaletewa nisaini. Hitilafu! Mashine ilifanya kazi vizuri kabisa, ilifanya kile tulichoiambia. Nikakataa. Wakasaini wengine, na ndiyo maana yule wa kipaza sauti aliweza kusimama siku ile ya keki akasema alichosema.

Februari nikachuma isale kwenye mpaka wa kihamba changu, nikalifunga fundo kama nilivyofundishwa na Mama Anaeli, Mungu amrehemu, nikapanda Kibosho. Mama Nuru alikuwa kibarazani. Alipoliona jani alifuta mikono kwenye kanga, akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimepokea," akasema. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikadhani nimepona. Akanipisha kwenye kigoda, akaniuliza, "Ile bahasha ya ndani mmeirudisha?"

"Imerudi. Nimeijaribu mwenyewe."

"Kwa hiyo sasa hakuna anayesoma."

"Hakuna."

Akaligeuza lile jani mkononi.

"Na waliokwisha kusoma, mama, wameacha kujua?"

Nilikaa pale mpaka chai aliyoniletea ikapoa.

Dawa anakunywa, nimshukuru Mungu kwa hilo. Lakini zahanati ya kwao haiingii tena. Kila tarehe yake anapita mbele ya mlango ule, anashuka hadi barabara kuu, anaunganisha gari hadi Bomang'ombe kwa watu wasiomjua, na jioni anarudi na dawa chini ya ndizi ndani ya kikapu. Leokadia humwona dirishani akipita, na hawasalimiani.

Fomu ya tarehe ishirini na mbili iko kwenye faili la mabadiliko, kabati la kushoto. Sahihi ya chini ni yangu. Haikutetemeka hata kidogo, ni nzuri kabisa. Kila kijana mpya akiripoti, kabla hajaoneshwa choo kilipo, mtoleeni ile fomu aione.